USINGIZI WA BABA NA MAMA WENYE MUTOTO MUCHANGA



Usiku mumoja, nyuma ya saa 10, walileta mutumikaji kwenye dispanseri. Mukono wake wa kuume ulifungwa na kitambaa chenye damu. Vidole viwili vilibanwa katikati ya munyororo na chuma. Alikuwa mutu wa miaka 9 ya kazi, anayejua mashini yake kama anavyojua mulango wa nyumba yake. Kofia alikuwa nayo. Viatu alikuwa navyo. Ganti alikuwa nazo. Kwenye karatasi ya ajali, mahali pa kuandika sababu, waliandika neno moja tu: "Hakuangalia."

Nilipokuwa ninasafisha kidonda, nilimuuliza: "Baba, siku hizi unalala masaa mangapi?" Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Mwisho akasema: "Munganga, tuko na mutoto wa majuma 5. Kulala ni kitu nilichosahau." Tukahesabu pamoja. Kwa siku 3 alilala masaa 9 tu, tena kwa vipande-vipande. Shefu wake hakujua. Yeye mwenyewe hakuona kama ni jambo la kusema, kwa sababu kila baba anapita pale. Kidole kimoja kilipona. Kingine tulikipoteza mupaka kwenye kiungo cha kwanza.

Neno lile "hakuangalia" lilikuwa la kweli. Lakini halikueleza kwa sababu gani macho ya mutu mwenye kujua kazi hayakuangalia. Somo letu la leo ni kueleza sababu hiyo, na kuonyesha namna baba na mama wanaweza kupata usingizi wa kutosha wakati kuna mutoto muchanga ndani ya nyumba.

1. KWA SABABU GANI MUTOTO ANAAMUKA-AMUKA USIKU?

Wengine wanasema: "Maziwa ya mama ni mepesi." Wengine: "Mutoto huyu ametazamwa vibaya na jirani." Hapana, sababu haiko pale.

Ndani ya mwili wa mutu mukubwa kuna kitu kama saa. Giza likiingia, saa ile inaita usingizi. Jua likitoka, inaamusha. Mutoto aliyezaliwa leo hana saa hiyo bado. Analala sana, masaa 14 mupaka 17 kwa siku, lakini kwa vipande vya masaa 2, 3 ao 4. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama yanapita upesi. Kwa hiyo ananyonya mara 8 mupaka 12 katika masaa 24, muchana na usiku.

Saa ya mwili wake inaanza kujengwa karibu na mwezi wa 2 ao wa 3. Karibu na mwezi wa 6 watoto wengi wanaweza kulala kipande kirefu usiku, lakini kuna wengine wenye afya nzuri ambao wanaendelea kuamuka. Basi shikeni mambo mawili: kuamuka kwa mutoto si ugonjwa, na wakati huo utapita.

Munaweza kusaidia saa hiyo ijengwe. Muchana, fungueni rido, mutoto aone mwangaza na asikie sauti za nyumba. Usiku, taa iwe ndogo, musiongee kwa sauti, musicheze naye. Anyonye, abadilishwe kitambaa kama ni lazima, arudishwe kulala. Kidogo-kidogo ataelewa kama usiku si wakati wa mazungumuzo.

Bibi mumoja ataleta shauri: "Mupatie uji, atashiba, atalala." Tunaheshimu wazee wetu, lakini shauri hili tusilifuate. Mupaka miezi 6 mutoto anapashwa kupata maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Uji unaleta kuhara, na mutoto mwenye kuhara hatalala wala hatawaacha ninyi mulale. Tena kunyonya kwa usiku kunasaidia mwili wa mama kutengeneza maziwa mengi.

2. KUKOSA USINGIZI KUNAFANYA NINI KATIKA MWILI?

Mutu mukubwa anahitaji kulala masaa 7 ao zaidi kila siku. Akikosa siku moja, anaweza kuvumilia. Akikosa majuma 3, anazani amezoea. Hapo ndipo hatari inakuwa kubwa, kwa maana mwili haukuzoea. Ni akili tu imechoka mupaka haiwezi tena kujipima.

Katika mwaka wa 1997 wanganga wa Australia walipima watu waliokaa macho na watu waliokunywa pombe, kisha wakawalinganisha. Waliona kama mutu aliyekaa macho masaa 17 anatumika kama mutu mwenye gramu 0,5 za alkoli katika litre moja ya damu. Akifikisha masaa 24, ni kama gramu 1. Sasa fikiri vizuri: mutu akifika kwenye mulango wa kazi akinuka pombe, mulinzi anamurudisha nyumbani. Mutu wa usingizi hanuki kitu. Anasalimia mulinzi, anapita, anapanda juu ya kamyo.

Kuna tena usingizi wa sekunde chache. Macho yanaweza kuwa wazi, lakini akili imezimika. Kamyo ikitembea kilometre 40 kwa saa, inapita metre 11 kwa kila sekunde. Ukilala sekunde 4 tu, kamyo imetembea metre 44 bila dereva.

Wakati mubaya kupita zote ni katikati ya saa 8 na saa 11 ya usiku. Pale mwili wa kila mutu unashuka, hata mutu asiye na mutoto. Ajali ya mashini ya nguvu za atomu ya Three Mile Island, kule Marekani, tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka wa 1979, ilianza saa 10 ya usiku. Ile ya Chernobyl, tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka wa 1986, ilitokea nyuma ya saa 7 ya usiku. Usingizi haukuwa sababu moja peke yake, lakini saa zile si rafiki za mutu mwenye kazi ya hatari.

Musizani ninasema hivi kama mutu anayetazama wengine. Mutoto wetu wa pili alipozaliwa, mimi pia nilikuja ku kazi na macho mazito, na nikafikiri kahawa itatosha. Asubui moja niliandika kilo 14 kwenye karatasi ya mutoto mwenye kilo 4. Dawa ilikuwa karibu kuhesabiwa juu ya kilo zile. Mama anayetumika pamoja nami ndiye alitazama mutoto, akatazama karatasi, akaniuliza: "Papa, ni huyu ndiye ana kilo 14?" Mupaka leo ninamushukuru. Tangu siku ile sioni tena haya kusema: "Leo sikulala, munitazamie kazi yangu."

3. MUGAWANYE USIKU KAMA MUNAVYOGAWANYA POSTI

Ku kazi hakuna mutu anayefanya posti tatu peke yake. Lakini nyumbani tunamuacha mama afanye posti zote tatu, kisha tunashangaa akianguka. Ao tena baba na mama wanaamuka wote wawili kwa kila kilio. Asubui kuna watu wawili waliochoka, na hakuna hata mumoja aliyelala.

Kanuni ni hii: kipande kimoja cha masaa 4 ao 5 bila kuamushwa kina faida kupita vipande vingi vya saa moja. Kila mumoja wenu apate kipande chake. Ni kweli, baba hana maziwa. Lakini anaweza kuleta mutoto kwa mama, kumubadilisha kitambaa, kumusimamisha begani mupaka atoe hewa ya tumbo, na kumurudisha kulala. Mama ananyonyesha akiwa amekaa vizuri, kisha analala palepale. Kazi ile ndogo ya baba inaweza kumupatia mama nusu saa kila mara.

Mufano wa kugawanya ni huu:

Posti ya asubui (saa 12 ya asubui mupaka saa 8 ya muchana). Baba alale saa 3 ya usiku mupaka saa 10. Hayo ni masaa 7. Akirudi kazini, aoge, ale, kisha saa 9 achukue mutoto aliyekwisha kunyonya, na mama alale mupaka saa 11.

Posti ya muchana (saa 8 ya muchana mupaka saa 4 ya usiku). Mama alale mapema, saa 3 ya usiku. Baba akirudi, yeye ndiye mulinzi mupaka saa 7 ya usiku: mama anaamuka kunyonyesha tu, kazi ingine yote ni ya baba. Kisha baba alale saa 7 ya usiku mupaka saa 2 ya asubui, na mutu asimuamushe.

Posti ya usiku (saa 4 ya usiku mupaka saa 12 ya asubui). Hii ndiyo nguvu zaidi. Baba alale mara mbili: saa 2 ya asubui mupaka saa 7 ya muchana, na tena saa 12 ya mangaribi mupaka saa 2 ya usiku mbele ya kwenda ku kazi. Katikati, saa 8 mupaka saa 11 ya muchana, abebe mutoto na mama alale. Juma la posti hii mama asibaki peke yake usiku kama iko namna: dada, mama mudogo ao shangazi aje kulala pale.

Na wewe mama, mutoto akilala muchana, lala. Usiseme: "Nimalize kwanza masahani." Masahani yatakungojea. Nguvu haitakungojea.

Juu ya wageni. Desturi yetu ni nzuri: mutoto akizaliwa, watu wanakuja na sabuni na vitambaa, wanamupokea katika jamaa. Lakini wengine wanakaa tangu asubui mupaka mangaribi, na mama aliyezaa juzi ndiye anawapikia bukari. Hii ni kazi ya baba kuipanga. Kwa heshima aseme: "Wapendwa, mama na mutoto wanapumuzika mupaka saa 9. Kisha karibuni." Mugeni mwenye upendo wa kweli atachota maji, atafua vitambaa, atapika sombe, kisha atarudi kwake. Na kama mama mukwe amekuja kusaidia, umupatie heshima yake na umupatie pia masaa yake: abebe mutoto asubui wakati binti yake analala. Kama unaona haya kumuambia wewe mwenyewe, neno lipite kwa bibi yako.

Tusisahau wamama wanaotumika wao wenyewe ku kompani. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya mwaka wa 2002, inamupatia mama majuma 14 ya kupumuzika kwa ajili ya kuzaa. Akirudi ku kazi na ananyonyesha, ana haki ya mapumuziko 2 ya nusu saa kila siku. Baba naye, bibi yake akizaa, ana haki ya siku 2 za kazi. Siku 2 zile si za kutembeza bia kwa marafiki. Ni za kupanga nyumba na kulala.

4. KULALA MUCHANA NYUMA YA POSTI YA USIKU

Mwangaza ni adui wa usingizi. Tundika rido nzito ao kitenge cheusi kwenye dirisha. Chagua chumba kisichopigwa na jua la asubui, zaidi mwezi wa 10, wakati mabati yanawaka. Zima telefone. Wafundishe watoto wakubwa alama moja: kitambaa chekundu kwenye mulango, maana yake baba analala, radio iwe chini na mupira uchezwe mbali.

Mbele ya kulala, kula kidogo. Tumbo lililojaa bukari na nyama linatumika wakati wewe unataka kupumuzika. Kahawa na chai vina kitu kinachoamusha: kisha masaa 5 hivi, karibu nusu yake inabaki bado katika damu. Kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe katikati ya posti, si mwisho wake. Na bia? Inaangusha mutu upesi, ni kweli, lakini usingizi wake umekatika-katika. Unaamuka na kichwa kizito, na mutoto amelala karibu na baba asiyesikia kitu. Hatari hiyo tutaieleza sasa.

5. MAHALI PA KULALA PA MUTOTO

Mutoto akilala bila hatari, wazazi pia wanalala na moyo mutulivu. Shikeni haya:

a) Mutoto alale juu ya mugongo, kila mara, muchana na usiku. Zamani wanganga wengi walisema juu ya tumbo. Tangu karibu na mwaka wa 1991, inchi nyingi zilifundisha wazazi kuwalaza watoto juu ya mugongo, na katika nyingi kati yao vifo vya gafula vya watoto wachanga katika usingizi vilipunguka kupita nusu.

b) Matela yake iwe ngumu kidogo na sawasawa. Hakuna muto wa kichwa, hakuna bulangeti nzito inayoweza kufunika uso.

c) Alale katika chumba chenu, karibu na kitanda chenu, lakini mahali pake mwenyewe. Kitunga kipana ao sanduku safi la mbao, lenye matela ndogo, linatosha. Kama nyumba ni ndogo na kitanda ni kimoja, mujue kama mutoto hapashwi kabisa kulala na mutu aliyekunywa, anayevuta tumbako, ao aliyechoka sana. Na kama mutoto alizaliwa mbele ya wakati wake ao na chini ya kilo 2,5, asilale kitandani mwenu hata kidogo. Kusinzia na mutoto juu ya kiti ni hatari kubwa zaidi: baba analala, mutoto anateleza katikati ya mukono na kiti, pumuzi inakatika.

d) Muskitere yenye dawa, kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Tena mbu mumoja tu anaweza kuharibu usingizi wa nyumba nzima.

e) MBABULA ISILALE NDANI YA NYUMBA. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi yetu ya Katanga ni kali, na watu wanaingiza mbabula ya makala katika chumba wakifunga mulango na dirisha. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mutu anazani anasikia usingizi muzuri, kumbe anakufa. Jamaa nzima inaweza kupotea usiku mumoja. Kwa baridi, mumuvalishe mutoto nguo mbili ao tatu nyepesi moja juu ya ingine, kofia akiwa amebebwa inje, na mama akiwa macho amuweke kwenye ngozi ya kifua chake. Mbabula ibaki inje.

f) Hakuna dawa ya kumulalisha mutoto. Siro ya kikohozi ao ya mafua inayoleta usingizi inaweza kusimamisha pumuzi ya mutoto mudogo. Lutuku, hata tone moja kwenye ulimi, ni sumu kwake.

g) Baba akirudi kazini, aoge na kubadilisha nguo mbele ya kubeba mutoto. Vumbi la mine lisilale pamoja naye.

6. MUTOTO AKILIA BILA KUNYAMAZA

Kilio cha mutoto kinapanda tangu kuzaliwa, kinafika juu kabisa karibu na juma la 6, kisha kinashuka mupaka mwezi wa 3 ao wa 4. Tazama: Ameshiba? Kitambaa ni kavu? Anasikia joto ao baridi? Ana homa? Kama yote ni sawa na bado analia, tembea naye, umuimbie, umubebe mugongoni.

Lakini itafika usiku mumoja ambapo hasira itapanda. Nguvu zimekwisha, posti inakungojea, na kilio kinaingia ndani ya mifupa. Ukisikia mikono yako inataka kumutikisa, umulaze juu ya mugongo mahali pake, toka inje, pumua dakika 5 ao 10. Amusha bibi yako, bisha kwa jirani. Mutoto aliyeachwa kulia dakika 10 hatakufa. Mutoto aliyetikiswa anaweza kufa, ao kubaki kipofu, kwa maana shingo yake haina nguvu na damu inavuja ndani ya kichwa. Kumuacha pale kidogo si uoga. Ni kumulinda.

7. MOYO WA MAMA

Kuchoka kunaondoka mutu akilala. Kuna huzuni isiyoondoka. Mama analia bila sababu, hapendi kula, hawezi kulala hata kama mutoto amelala, hasikii furaha ya mutoto wake, ao anasema: "Afazali nisiwepo." Kama hali hiyo inapita majuma 2, ni ugonjwa. Unashika mama mumoja kati ya 10 ao zaidi ya pale. Si uvivu, si ulozi, si kukosa upendo. Unatunzwa na unapona. Baba, wewe ndiye utakayeuona wa kwanza. Umulete, na usimupigie kelele. Kama amesema juu ya kufa ao juu ya kuumiza mutoto, umulete siku ileile na usimuache peke yake.

8. KU KAZI

Ambia shefu wako wa ekipe kama nyumbani kuna mutoto mupya. Shefu mwenye akili atakupatia kazi isiyo ya kuendesha ao ya kupanda juu wakati wa saa mbaya, na atamuweka mwenzako karibu nawe. Shefu, wewe nawe uulize mbele ya kuanza kazi: "Nani hakulala?" Kisha usimucheke anayejibu, kwa maana ukimucheka leo, kesho hakuna atakayesema.

Wakati wa mapumuziko, kama mahali ni salama na umepewa ruhusa, lala dakika 20 tu. Kisha ungojee dakika 15 ao 20 akili irudi sawasawa mbele ya kushika mashini. Kupiayo mara nyingi, macho kuwaka, kusahau kitu ulichofanya sasa hivi: hizo ni alama. Simama, sema. Kuosha uso na kuongeza sauti ya radio hakufukuzi usingizi.

Angalia tena njia ya kurudi. Wengi wanavuka usiku vizuri, kisha wanaangukia barabarani asubui juu ya pikipiki. Ukisikia usingizi, panda bisi ya kazi, pikipiki ibaki.

9. ALAMA ZA KULETA MUTOTO UPESI

Kwa mutoto wa chini ya miezi 2, musingoje asubui kama: anakataa kunyonya, ana joto la 37,5 ao zaidi, ao mwili wake ni baridi hata akifunikwa, anapumua mara 60 ao zaidi kwa dakika, kifua kinaingia ndani akipumua, anashikwa na degedege, analala mupaka haamuki akiguswa, viganja na nyayo zimekuwa za manjano. Usingizi wa namna hiyo si usingizi muzuri.

TUJIPIME

Jioni ya leo, baba na mama, mujiulize pamoja:
Jana kila mumoja wetu alilala masaa mangapi?
Kipande kirefu kupita vyote kilikuwa cha masaa mangapi?
Mutoto alilala juu ya mugongo, ndani ya muskitere?
Mbabula ililala wapi?
Juma hili baba yuko posti gani, na nani atasaidia?

Yule mutumikaji wa vidole alirudi kwetu miezi 2 nyuma ya ajali, siku ya kupima watoto. Alimubeba mutoto kwa mukono wa kushoto, mama akishika kadi ya kilo. Mutoto alikuwa amenenepa. Nilimuuliza tena swali lilelile: "Baba, siku hizi unalala masaa mangapi?" Bibi yake ndiye alijibu: "Munganga, analala masaa 7, na mimi 6. Tumebandika karatasi ya posti kwenye mulango wa chumba." Yeye alitazama kidole chake kifupi, akasema: "Karatasi ile, ingefaa tuibandike mbele."

Wandugu, ninyi ambao vidole vyenu viko 10 bado, bandikeni yenu leo.